Msimbo chanzo wa mifumo endeshi: maswali tunayoulizwa mara kwa mara hapa Tanga

Chumba chetu kiko Chumbageni. Kina meza mbili, kompyuta moja ya mezani ya zamani ambayo bado inachapa kazi, na diski tatu. Humo tunatunza nakala za msimbo chanzo wa mifumo endeshi, yaani programu zinazoiongoza kompyuta nzima: Linux, Debian (iliyojengwa juu ya Linux), FreeBSD na OpenBSD, na mwenye flashi au diski yake anakuja kunakili bure. Maswali yaliyo hapa chini yameulizwa mlangoni, mengine kwa simu kutoka Muheza na Pangani, na mengi yameulizwa na vijana wa darasa la jioni waliokuja kujifunza kuunda kiini (kernel) cha Linux, yaani sehemu ya ndani kabisa inayoendesha mashine, wakagundua kwamba kazi ya kwanza ni kukipata.

Linux si ninayo tayari kwenye laptopu? Huo msimbo chanzo ni kitu gani tena?

Uliyo nayo imeshapikwa. Ni maagizo ambayo prosesa inayaelewa na wewe huwezi kuyasoma. Msimbo chanzo, ambao wengi mtaani wanauita sosi kodi, ni maandishi yenyewe yaliyoandikwa na watu, sehemu kubwa kwa lugha ya C, kabla hayajapitishwa kwenye kompaila, programu inayoyageuza kuwa maagizo ya prosesa. Ukishaupata, fungua faili linaloitwa `init/main.c` utafute neno `start_kernel`. Hapo ndipo kiini kinapoanza kujipanga kila unapowasha mashine: kumbukumbu, saa, prosesa, kimoja baada ya kingine. Kijana akiona mistari ile kwa mara ya kwanza huwa ananyamaza kidogo, halafu anauliza, "Kumbe inasomeka?" Inasomeka.

Kila kitu kipo mtandaoni. Kwa nini mjisumbue kuweka nakala Tanga?

Jumapili ya tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika upande wa Afrika Kusini, na Tanzania ikawa miongoni mwa nchi zilizoumia sana. Darasa letu lilikuwa na kazi ya kukompaili kiini wiki ile. Kurasa hazikufunguka, simu zikazunguka tu, lakini kazi iliendelea kwa sababu kila kilichohitajika kilikuwa kwenye diski, hatua tatu kutoka mezani.

Kuna suala la fedha pia. Vijana 12 wakipakua kila mmoja wake faili lile lile la MB 150, zimekwenda karibu GB 1.8 za bando kwa kitu kimoja. Kikipakuliwa mara moja, 11 waliobaki wananakili kwa waya.

Sababu ya tatu ndiyo ninayoijali zaidi. Nakala nyingi zilizotawanyika zinaulinda msimbo wenyewe. Mwaka 2011 seva za kernel.org, nyumbani kwa Linux, zilivamiwa, na huduma ikafungwa kwa wiki kadhaa. Linus Torvalds, aliyeanzisha Linux, alihamishia kazi yake kwa muda GitHub, tovuti nyingine ya kutunzia msimbo, na hakuna aliyelia kwamba Linux imepotea, kwa kuwa nakala kamili zilikuwa kwenye maelfu ya kompyuta za watu. Hapa kwetu habari ya namna hiyo si ngeni. Mkonge uliojenga mji huu ulianza na miche iliyoagizwa Florida na Dk. Richard Hindorf: iliagizwa 1,000, na iliyofika hai mwaka 1893 ilikuwa 62 tu. Ingefika mmoja, pengine tusingekuwa na shamba hata moja. Ndiyo maana sisi hatutunzi nakala moja.

Kioo ni nini?

Ni nakala ya hifadhi nzima iliyowekwa kwenye seva nyingine na kusawazishwa na ile ya asili kwa ratiba, ili watu wa karibu wachukue huko badala ya kwenda mbali. Nakala uliyoichukua mara moja ukaiacha haistahili jina hilo. Kioo kinaonyesha kilichosimama mbele yake sasa hivi, si cha mwaka jana.

Nina bando dogo. Nichukue Linux kwa njia ipi?

Inategemea unataka kufanya nini nayo.

Kama unataka kusoma na kukompaili toleo moja, chukua faili la `.tar.xz` (mafaili yote yakiwa yamefungwa pamoja na kubanwa) kutoka kernel.org. Matoleo ya siku hizi, mfano 6.12 la Novemba 2024, yana uzito wa kama MB 150, na yakifunguliwa yanazidi GB 1. Kwa mtandao wa megabiti 2 kwa sekunde, hizo MB 150 zinachukua dakika 10 hivi. (Megabiti si megabaiti. Gawanya kwa 8. Watu wengi wanagombana na kampuni ya simu kwa sababu ya herufi hiyo moja.) Uzuri wa njia hii ni kwamba mtandao ukikatika unaendelea ulipoishia:

`wget -c` (amri ya kupakua), kisha anwani ya faili.

Kama unataka kufuata mabadiliko, utahitaji Git, chombo cha kutunza historia ya mabadiliko ya msimbo, ambacho Torvalds mwenyewe alikiandika Aprili 2005 kwa ajili ya kazi hii hii. Ukiandika `git clone --depth 1` unapata hali ya leo tu bila historia, na mzigo unapungua sana. Historia nzima ya Linux ina mabadiliko zaidi ya milioni moja na inakula GB kadhaa.

Na hapa ndipo watu wa Tanga wanapoumia. `git clone` haijui kuendelea ilipoishia. Ukifika asilimia 90 mtandao ukakatika, unaanza sifuri, na bando limekwenda. Nimewaona watu wakirudia mara tatu usiku mmoja. Usifanye hivyo. Kernel.org wanatoa historia nzima ikiwa imefungwa kwenye faili moja, aina inayoitwa bundle, ambalo unalipakua kwa `wget -c` hata kwa siku nne ukitaka. Likikamilika, unafanya `git clone` kutoka kwenye faili hilo lililo kwenye diski yako, halafu unaelekeza Git kwenye anwani ya asili na kuchukua kilichopungua tu. Au njoo tukupe letu.

Ninataka chanzo cha programu moja tu ya Debian, si dunia nzima.

Hiyo ni rahisi. Kwenye faili la vyanzo vya apt, chombo cha Debian cha kuleta programu, hakikisha mstari wa `Types:` unasomeka `deb deb-src`. Fanya `apt update`, kisha `apt source` na jina la pakiti, yaani programu iliyofungashwa. Utaletewa vitu vitatu: faili la `.dsc` ambalo ni kama hati ya mzigo, msimbo wa asili kutoka kwa waandishi, na mabadiliko ambayo watu wa Debian wameyaongeza. Vikifika vinafunguliwa vyenyewe kwenye folda. `apt build-dep` italeta zana zinazohitajika kuikompaili.

Na FreeBSD? OpenBSD?

FreeBSD walihamia Git mwishoni mwa 2020. Makala za zamani zinazokufundisha Subversion au CVSup, zana walizotumia kabla ya hapo, ziache. Chanzo kinakaa kwenye `/usr/src`, na kinapatikana kwa `git clone` kutoka git.freebsd.org au kama faili la `src.txz` lililo pamoja na toleo. Ninawapenda kwa jambo moja: kiini na zana za msingi viko kwenye mti mmoja, unasoma mfumo mzima bila kuhama nyumba.

OpenBSD bado wanatumia CVS, chombo cha kale cha kazi kama ya Git, na kwa haki yao, kwa kuwa ndio walioanza kuuruhusu umma kusoma hifadhi yao ya CVS moja kwa moja miaka ya 1990 wakati miradi mingine ilikuwa ikitoa mafaili ya matoleo tu. Kwa mwanafunzi inatosha kuchukua `src.tar.gz` na `sys.tar.gz` kwenye folda ya toleo.

Android je?

Jiandae. Google wenyewe wanashauri uwe na GB 400 za nafasi, yaani 250 za kupakua na 150 za kukompaili. Kwa mtandao wa megabiti 10 usiokatika, hizo 250 ni zaidi ya saa 55. Sisi hatuna.

Nitajuaje kama nakala mliyonipa haijachezewa?

Swali hili ulipaswa kuliuliza la kwanza, na tunafurahi kila mtu anapoliuliza, hata kama maana yake ni kwamba yeye hatuamini sisi. Usituamini. Hakiki.

Kuna hatua mbili na watu huzichanganya. Ya kwanza ni jumla ya SHA256, namba ndefu inayokokotolewa kutoka kwenye faili zima: unaiendesha `sha256sum` juu ya faili na kulinganisha matokeo na yale yaliyochapishwa. Hiyo inakuambia faili halikuharibika njiani. Lakini aliyebadilisha faili anaweza kubadilisha na orodha ya jumla iliyo pembeni yake, kwa hiyo peke yake haitoshi. Ya pili ni sahihi ya kidijiti. Mwenye mradi anasaini kwa ufunguo wake wa siri, wewe unahakiki kwa ufunguo wake wa umma. Sisi hatuna ufunguo wake wa siri, kwa hiyo hata tungetaka kukudanganya tusingeweza. Ufunguo wa umma usiuchukue kwetu. Uchukue kwa wenyewe, kwa simu yako, kwa bando lako. Ni kilobaiti chache.

Kwa Linux kuna mtego mdogo. Sahihi iliyo kwenye faili la `.tar.sign` ni ya faili la `.tar` ambalo halijabanwa, siyo la `.tar.xz` uliyopakua. Wengi wanahakiki lile lililobanwa, wanaambiwa sahihi ni mbovu, wanatupigia simu wakiwa na hofu. Amri ni hii:

`xz -cd linux-6.12.tar.xz | gpg --verify linux-6.12.tar.sign -`

Debian wanasaini faili la `InRelease`, ndani yake mna jumla za orodha za pakiti, na ndani ya orodha hizo mna jumla za kila pakiti. Ni mnyororo, na apt inaufuata yenyewe hata kama umechukua kwenye kioo chetu. OpenBSD tangu toleo la 5.5 la mwaka 2014 wana chombo chao kidogo cha kusaini na kuhakiki kiitwacho signify.

Lakini sahihi nayo ina mpaka wake. Tarehe 29 Machi 2024 mwanaprogramu Andres Freund alitangaza kwamba matoleo ya 5.6.0 na 5.6.1 ya xz, programu ya kubana mafaili, yalikuwa yamewekewa mlango wa siri. Aliliona jambo hilo kwa sababu kuingia kwenye kompyuta ya mbali kwa ssh kulikuwa kunachelewa kama nusu sekunde. Aliyeuweka mlango huo alikuwa mmoja wa watunzaji wa mradi, kwa hiyo mafaili yalikuwa yamesainiwa vizuri kabisa. Na kipande kilichouwasha mlango huo kilikuwa ndani ya faili la toleo tu, kwenye hifadhi ya Git hakikuwepo. Tangu siku ile tunatunza vyote viwili, mafaili ya matoleo na hifadhi za Git, ili mtu aweze kuvilinganisha. Ni mzigo wa diski, tunaubeba.

Nimefungua Linux kwenye Windows, mafaili mengine yamepotea. Nakala yenu ni mbovu?

Hapana. Ndani ya Linux kuna mafaili yenye majina yanayotofautiana kwa herufi kubwa na ndogo tu, mfano `xt_CONNMARK.h` na `xt_connmark.h`. Windows kwa kawaida inayaona kuwa faili moja, na la pili linamfuta la kwanza. Kuna jingine linaitwa `aux.c`, jina ambalo Windows imelihodhi tangu enzi za DOS. Fungua ukiwa ndani ya Linux, kwenye diski iliyoumbizwa ext4, mpangilio wa mafaili wa Linux.

Flashi ina GB 32, mbona inakataa faili la GB 5?

Imeumbizwa FAT32, mpangilio wa zamani wa kuweka mafaili kwenye diski, ambao haupokei faili moja linalofika GB 4. Ibadilishe iwe exFAT kama unabeba mafaili yaliyofungwa, au ext4 kama utayafungulia humo humo.

Shikamoo mwalimu. Sisi ni walimu wawili huku Lushoto, tunataka kuanzisha kioo chetu shuleni. Tunaanzia wapi?

Marahaba, na hongereni. Anzeni kwa kuchagua kidogo. Hifadhi yote ya Debian ni terabaiti kadhaa na hamna haja nayo. `debmirror` inaweza kuambiwa ichukue toleo moja tu, aina moja ya prosesa, pamoja na chanzo. Kwa hifadhi za Git, `git clone --mirror` mara moja, kisha `git remote update --prune` kila usiku kwa cron, chombo cha kuendesha kazi kwa ratiba.

Kwa yaliyobaki kuna rsync, kazi ya Andrew Tridgell na Paul Mackerras ya mwaka 1996, na sijaona chombo kilichozeeka vizuri kama hicho. Inalinganisha pande mbili na kusafirisha tofauti tu. Wekeni `--bwlimit` ili ofisi ya mkuu wa shule isikose mtandao, na `--partial` ili faili lililokatika lisitupwe. Mstari wa mkwaju mwishoni mwa anwani una maana: `linux/` ni vilivyomo ndani, `linux` ni folda yenyewe. Jaribuni kwanza kwa `-n`, inayoonyesha kitakachotokea bila kugusa kitu.

Sasa sikilizeni habari ya `--delete`. Kioo lazima kifute kilichofutwa kwenye asili, kwa hiyo mtaihitaji. Usiku mmoja waya wa diski yetu ya kwanza ulilegea. Diski ikajitoa, folda yake ikabaki tupu, na saa nane za usiku cron ikaanza kunakili kutoka diski ya kwanza kwenda ya pili. Rsync iliona asili ni tupu, nayo kwa utii ikaifanya ya pili kuwa tupu. Tuliingia asubuhi tukakuta taa za diski zimetulia na nafasi yote iko wazi. Diski ya tatu ndiyo iliyotuokoa, kwa kuwa ilikuwa nyumbani kwa mwenzetu Makorora, haijachomekwa popote. Tangu hapo script yetu inatafuta kwanza faili dogo liitwalo `NIPO` kwenye diski ya asili. Lisipoonekana, kazi inasimama na ujumbe unatumwa. Tumeongeza pia `--max-delete` ili isifute zaidi ya idadi tuliyoiweka. Fanyeni hivyo kabla ya usiku wa kwanza.

Mkifika hatua ya Debian kwa rsync, msisawazishe kwa mkupuo mmoja. Leteni kwanza `pool`, yaani pakiti zenyewe, bila kufuta kitu. Kisha leteni `dists`, yaani orodha, na mwisho mfute vya zamani. Mkigeuza, atakayekuja katikati atakuta orodha inamtaja mgeni ambaye bado hajafika. Debian wanahuisha hifadhi yao mara nne kwa siku. Kwa shule, mara moja usiku inatosha.

Umeme ukikatika katikati ya kusawazisha?

Rsync itaendelea safari ijayo. Git haiendelei ilipoishia, itachukua upya mabadiliko ya usiku ule, ila endesha `git fsck` kwanza ili ikague hifadhi. UPS ndogo (betri ya kushika umeme ukikatika) ni bora kuliko diski ya nne. Na kama uko karibu na bahari kama Raskazone, usiache kompyuta wazi dirishani, hewa ya chumvi inakula vichwa vya nyaya taratibu, na ule waya wetu uliolegea ulikuwa na kutu.

Naweza kuuza flashi zenye Linux pale Ngamiani?

Unaweza, leseni haikatazi kuuza. Ila kwa programu zilizo chini ya leseni ya GPL toleo la 2, kama kiini cha Linux, ukimpa mtu iliyopikwa lazima umpe na msimbo chanzo wake, au ahadi ya maandishi yenye nguvu kwa miaka 3 au zaidi kwamba akiutaka atapewa kwa gharama ya kunakili tu. "Aende mtandaoni atafute" si jibu kwa anayeuza. Weka chanzo cha toleo lile lile kwenye flashi ya pili, au uje kukichukua kwetu na ukitunze.

Ruta yangu ndani ina Linux. Naweza kudai chanzo?

Ndiyo, ni haki yako. Tafuta kwenye kijitabu kilichokuja nayo, mara nyingi mna karatasi ya leseni kwa maandishi madogo. Sisi tuliwahi kuomba kwa muuzaji mmoja wa ruta. Tulijibiwa kwanza kwamba ni siri ya kampuni, kisha hatukujibiwa tena. Inaniuma mpaka leo, kwa kuwa kilichomo mle ni kazi ya watu waliotaka mimi na wewe tuisome. Andika barua, taja modeli na toleo la programu, tunza nakala. Watengenezaji wengine hutoa bila shida.

Mna chanzo cha Windows?

Hapana, haujatolewa kwa umma, na uliovuja hatuupokei. Lakini Microsoft wametoa rasmi msimbo wa MS-DOS, mfumo wao wa kabla ya Windows: matoleo ya 1.25 na 2.0 mwaka 2018, na 4.0 Aprili 2024. Ni mdogo na tunao. Anayesoma assembly, lugha iliyo karibu kabisa na ya prosesa, aanze na huo.

Nakuja kesho kutoka Pangani na kurudi jioni. Nije na nini?

Tanga waja leo waondoka leo, tumezoea. Njoo na diski iliyokwisha kuumbizwa, kwani kuhamisha vilivyomo ili tuiumbize ndiko kunakokula saa. USB 3 ikiwezekana, na waya wake mwenyewe. Pakua funguo za umma nyumbani kabla hujapanda gari. Ukifika tutanakili, halafu utakaa kwenye meza ya pili na kuhakiki sahihi mwenyewe kabla hujachomoa. Asiyeweza kuja atume diski kwa basi, ameandika jina na namba ya simu juu yake kwa kalamu isiyofutika, na karatasi ndani ikisema anataka nini. Tunairudisha kwa basi la kesho yake.